Makofi Tuliyompigia Mtu wa Basi

Baba yangu mpendwa,

Hapa Heru Juu mvua imeshika, maharage yametoka vizuri, na mimi nipo nyumbani. Ungekuwepo ungeuliza nafanya nini nyumbani siku ya kazi, nami ningekujibu vibaya, maana wiki hizi namjibu kila mtu vibaya. Anayeumia zaidi ni Mama, kwa sababu yeye ndiye ninayeshinda naye.

Basi limepunguzwa, Baba. Lile la kila siku, asubuhi na jioni, sasa linapanda huku Alhamisi peke yake. Siku nyingine zote nasikia pikipiki tu zikipita, na unajua pikipiki na mimi hatuelewani.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni hadi barabara kubwa, nami msichana mkubwa wa kuona haya, mguu huu usiokunjika umechomoza pembeni kama mpini wa jembe. Watu wakikutania kwamba unapeleka kuni Kasulu, wewe unasimama kuwasalimu kwa Kiha. "Mwidiwe!" Kisha habari za mke, za watoto, za mbuzi aliyezaa, mimi bado niko mgongoni. Nilikuwa nakufinya bega twende. Hukuwahi kuharakishwa na mtu, wewe.

Mradi wa mabasi ya mji ulipokubali kulifikisha basi kilimani kwetu, dereva alilalamika hana pa kugeuzia. Ukang'oa mihogo yako mwenyewe, kipande chote cha karibu na njia, na mihogo ilikuwa haijakomaa. Mama alinuna. Ukamwambia, "Mihogo nitapanda kwingine. Mguu mwingine wa huyu nitautoa wapi?" Siku ya kwanza ulipanda na koti lako la harusi za watu, ukaanza kusalimu abiria mmoja mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, ukiwapigia makofi yale ya heshima, mikono imekutanishwa taratibu. Dereva akauliza, "Mzee, tutafika leo kweli?" Ukamjibu, "Mjini kupo siku zote. Hawa watu nimewakuta leo."

Kwa basi lile nilipata kibaraza changu sokoni Kasulu. Nilishona sare za shule, vitenge vya kwaya, magauni ya wanawake wa Buhigwe waliokuwa wakinitafuta kwa jina. Kwa mara ya kwanza nilitoka nyumbani bila kumwomba mtu anipeleke. Sikukwambia ulipokuwa hai jinsi nilivyokuwa nafurahi kupanda zile ngazi mwenyewe. Nakwambia sasa.

Mtu wa mradi alikuja baada ya mavuno. Kijana mpole, viatu vizuri, akala ugali wa muhogo bila kuchagua. Akatueleza kwamba bajeti imebana, fungu la mafuta limekatwa, kwa hiyo njia za milimani zitapata basi mara moja kwa wiki. Papo hapo akatangaza kwamba stendi ya mjini inajengewa kibanda kipya cha abiria, chenye viti na bati la rangi. Jirani yetu, fundi seremala, akauliza kwa nini fedha za bati zisinunue mafuta. Kijana akasema fungu la kujengea haliruhusiwi kununua mafuta. Alisema kwa huzuni ya kweli, hilo namkubalia. Kisha akauliza, "Ndugu zangu, mtatuvumilia?"

Tukampigia makofi.

Unayajua yale makofi, Baba. Mgeni akimaliza kusema tunampigia, hata kama ametuletea habari ya msiba, kumwonyesha kwamba maneno yake yametufikia. Wazee walipiga, wanawake wakainamisha vichwa na kupiga. Mgeni uso wake mzima ukang'aa. Nilipoinua mkono niseme, mwenyekiti wa kitongoji akaninong'oneza, "Mwache mgeni anywe chai kwanza." Chai ikaisha, mgeni akainuka. Nikamfuata hadi kwenye gari, nikichechemea kwenye tope.

"Hatujakubali," nikamwambia.

"Lakini mmenipigia makofi, dada."

"Yale ni ya kukusikia tu."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Sasa hayo nitayaandikaje kwenye ripoti?"

Akaondoka, na redio ikatangaza kwamba wakazi wa milimani wameyapokea mabadiliko kwa makofi. Nilitaka kuitupa nje ile redio. Mama akasema ni yako.

Nilijaribu pikipiki. Kwenye mteremko wa mtoni ikateleza, nikaangukia nyonga, na daktari akaniambia nikiivunja ile hakuna wa kuiunga. Nikafikiria kupanga chumba mjini. Lakini macho ya Mama yamekwisha, Baba, anapika kwa kupapasa, juzi alishika chungu badala ya kifuniko. Kuhama hataki, anasema hawezi kukuacha peke yako hapo nyuma ya nyumba. Namwelewa, na kuna siku nakasirika nikilitazama kaburi lako. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Mlango uko wazi siku nzima na mimi sitoki.

Sokoni kibaraza kisichofunguliwa kila siku hupewa mwingine, ndiyo taratibu yao, na wamesubiri kwa wema. Jana wamempa binti wa Manyovu. Jana hiyo hiyo kijana wa bodaboda akaniletea cherehani yangu, ameifunga nyuma kwa mipira, imekaa imara kabisa. Ilipanda mlima wote bila kuyumba. Nilisimama kwenye njia nikiitazama inavyokuja, nikaionea wivu, Baba. Chuma kile kimeipita njia inayonishinda mimi.

Tukaiingiza ndani. Mama akaipapasa, gurudumu, meza, akatambua ni nini. Uso wake ukafunguka kama zamani wewe ulipokuwa ukirudi na nyama. "Afadhali," akasema, "sasa utakuwa unashinda na mimi."

Alifurahi kweli. Nikakutanisha mikono yangu, taratibu, nikampigia makofi, naye kwa kuwa haoni uso wangu akadhani nimekubali.

Lala salama, Baba. Usiniombee subira, nimekuwa nayo nyingi mno.

Ni mimi, binti yako wa mgongoni.