Friji ya Mjomba wa Kinyozi

Jumatatu, 2 Juni

Kikao na Mkuu wa kozi kimeisha. Masikio bado yanawaka! Insha kumi na moja za darasa langu la biashara ndogo zimefanana neno kwa neno — hata kosa la hesabu ni lile lile. Mkuu anasema wanafunzi wa mtandaoni wananifanya mjinga. Kuanzia sasa atakayekamatwa anafukuzwa, na aliyemwandikia anatajwa jina kwenye ripoti. Nisipowakomesha muhula huu, mkataba wangu hauongezwi. Kasema yote hayo akitabasamu, na kamera yake inaonyesha pua tu.

Haya. Dawa yao ninayo. Kila insha sasa lazima iwe na kisa cha kweli kutoka maisha ya mwandishi — watu, vitu, mahali. Nakilini basi tuone! Kompyuta ya kuwaandikia haina mjomba.

Nimemsimulia Mama tukinywa chai. Hata macho hakuinua kwenye tableti yake. Anacheza karata humo kutwa nzima. Tangu Baba afariki mwaka jana, ni hiyo tu inayomtoa kitandani, kwa hiyo simsumbui. Akasema, hiyo dawa nzuri mwanangu. Nikavimba kichwa.

Ijumaa, 6 Juni

Insha zimeingia. Raha iliyoje! Swali lilihusu ununuzi uliofanywa bila mpango. Hakuna mbili zinazofanana. Nimemtumia Mkuu ujumbe wa majigambo, naye kajibu kwamba kuanzia wiki ijayo atazisoma mwenyewe. Asome. Atajua mimi ni nani.

Iliyoniua ni ya Kinyozi. Huyu kijana ana saluni nyuma ya nyumba yetu, nilimshawishi mwenyewe ajiunge. Muhula uliopita aliandika mistari minne, halafu akaniomba radhi kwa mistari mitano. Leo kurasa tatu! Eti mjomba wake alinunua friji ya kijani bila kupima mlango. Wakang'oa mlango. Wakang'oa fremu. Wakamfukuza hata seremala kwa sababu alikuwa anacheka. Friji ikabonyea pembeni na bado haikupita. Mjomba kwa aibu akatangazia mtaa mzima kwamba imeungua mota, ikaachwa barazani ikawa kabati la viatu. Nimecheka mpaka kikohozi. Nimempa tisini.

Sisi pia tunaweka viatu kwenye friji mbovu. Kumbe ni wengi!

Jumamosi, 7 Juni

Nimetoka barazani kuchukua viatu. Friji yetu ni ya kijani.

Nimeizunguka. Imebonyea pembeni.

Hapana. Hapana, hapana. Baba alituambia iliungua mota siku ile ile ya kwanza, na maisha yangu yote sijauliza! Nimevuta waya, nikachomeka kwenye umeme. Ikakohoa, ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Viatu vyangu vya kazini vikaanza kupoa.

Mama akapaza sauti kutoka ndani, nani kawasha nini huko? Nikachomoa haraka. Hakuna kitu, Mama!

Kinyozi hana mjomba. Kinyozi ana mama yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepita saluni makusudi. Nikamuuliza Kinyozi, mjomba hajambo? Akasema mjomba yupi, mwalimu? Mashine ikamzimikia mkononi. Aaa, mjomba! Hajambo sana, anakusalimu. Mteja kabaki na upara wa upande mmoja, akitutazama kwenye kioo.

Kumbe Kinyozi ndiye aliyemfundisha Mama kutumia tableti. Sasa Mama analipa fadhila. Karata! Karata gani zinazoandikwa kwa vidole viwili huku mtu anacheka peke yake?

Alhamisi, 12 Juni

Nikimripoti Kinyozi, anafukuzwa, na jina la Mama linaingia kwenye ripoti. Nikinyamaza na Mkuu akagundua, kazi sina. Yote nayajua.

Lakini humu sidanganyi: nataka insha nyingine. Tangu mazishi, Mama hamtaji Baba. Nikimtaja mimi, anainuka kwenda kuosha vyombo vilivyo safi. Halafu Kinyozi anasimuliwa kila kitu! Namwonea wivu kinyozi. Makubwa haya.

Kwa hiyo nimefanya uhuni. Swali jipya kwa darasa zima: "Kwa nini biashara inayokwenda vizuri hufungwa ghafla? Toa kisa cha kweli." Baba alifunga duka lake la kutengeneza redio nikiwa na miaka sita. Alisema panya wamekula nyaya zote. Nilipokua nikaamua moyoni kwamba ulikuwa uvivu tu.

Watu ishirini na tisa wanahangaika na swali ambalo ni la mmoja. Wanisamehe. Ni swali zuri hata hivyo.

Jioni Mama kakaa na tableti yake, chai imepoa pembeni. Leo hacheki.

Jumatatu, 16 Juni

Imefika. Nimeisoma mara tatu.

Hakukuwa na panya. Mke wa mwenye duka alipoteza mtoto tumboni, akawa anaogopa kubaki peke yake nyumbani. Asubuhi moja mumewe alifika hadi mlangoni na funguo za duka mkononi, akamtazama, akarudi, akavua viatu. Akakaa naye mwaka mzima. Alimpikia vibaya sana. Watu walipouliza, akasema panya, ili wamcheke yeye na wasimchunguze mke.

Baba yangu. Nami nikamwita mvivu. Nimelia juu ya kibodi.

Halafu mwisho, wazi kabisa: "Binti yetu alikuwa na miaka sita, hatukumwambia. Sasa ni mwalimu, na ananiuliza kwa njia ya mtihani kana kwamba hatulali nyumba moja."

Mama! Amejua tangu lini?

Na simu ikalia hapo hapo. Mkuu. Amesoma. Ananiuliza inakuwaje kijana wa miaka ishirini na mbili, kapera, ana mke na binti mwalimu. Nikasema labda ni ubunifu. Akasema yeye mwenyewe ameisoma mara mbili, na hiyo haibadilishi kanuni. Anataka jina la aliyeandika, sasa hivi. Kaniambia nisikate simu, anafungua ripoti. Namsikia anagongagonga kibodi. Naandika huku nikisubiri.

Mama amesimama mlangoni. Sijui amesikia kiasi gani. Amevaa miwani yake ya kusomea, na tableti ameikumbatia kifuani. Mkuu karudi, anauliza, haya, nani?

Mama kavuta kiti, kakaa karibu yangu, kanong'ona: Kinyozi kapata ngapi?