Kofia ya Papa Issaka

Siku ya pili, 3/10/2023

...na nikaieleza tena. Mara ya ine! Mvua inanyesha, bote tunajificha chini ya bâche ya Mama Virginie, pale anauzishaka bugali na madesu, maharagi, pembeni ya parking yetu ya moto, ba pikipiki, hapa Bulengera. Kahongya akanisukuma mu mugongo. Eti, Témoin, shahidi wetu, sema, kuko bengine habayasikia bado.

Nikasema. Macho chini, kama kawaida. Kama miaka mbili inapita, ku njia ya Mutwanga, nilionaka na macho yangu. Risasi inalia mu mashamba ya kakao. Fuso ya Issaka ikanipita mbio, matope ikanirukia mpaka mu kinywa. Na yee ndani, pembeni ya chauffeur, na kofia yake nyeupe. Bachezaji ya timu yake ya Beni bakabakia mu njia, na jezi tu, mu mvua.

 

Kisha kelele! Juu huyu Issaka njo banataka kuweka directeur général ya Tujikaze, timu yetu. Ule wa zamani alienda Kampala, hapokee hata simu. Na kama mwezi inaisha bila directeur, habatatuandika mu championnat. Donc siku ya mungu, 8/10, ba supporters tunachagua: Issaka oui, tunamutaka, Issaka non, hatumutaki. Mwingine haiko.

Mumoja akasema: mutu ya Beni atuongoze shiye ba Butembo? Tangu lini!

Mama Virginie, na mwiko mu mukono: Beni iko Canada? Timu inakula bao tano, na weye unauliza passeport!

Mwingine: mais iko Muislamu, siku ya tano atakuwa anasali, match itakuwa aje?

Mama Virginie: match iko siku ya mungu, mwanangu. Na weye siku ya mungu ku misa hatukuonake.

Batu bakacheka mpaka sahani ikaanguka. Hata mie nilicheka. Alafu Kahongya akasimama. Yee njo président ya ba supporters, motard kama mie, tunabebaka batu ku moto, lakini sauti yake haihitaji micro. Akasema pole pole: mutu mwenye anaachaka batoto ya wengine mu njia, mie simutaki. Hata akuye na ba Fuso kumi.

Hakuna aliyecheka tena. Bote tunajua. Nzanzu, kaka mukubwa ya Kahongya, gari ilimuachaka ku njia ya Beni. Hakurudiaka.

Badaye Kahongya akanikatia nyama ku sahani yake. Mie! Wiki mbili inapita, hakujua hata jina yangu. Lusenge, Lusenge, hakuna mutu alikuwa anaita. Sasa niko Témoin. Na nakaa ku banc ya mbele.

Siku ya tatu, 4/10

Ku radio baliuliza Issaka kama ile maneno ya Mutwanga iko ya kweli. Akajibu: nitafika Butembo siku ya mungu, baniulize, nitajibu. Basi. Sauti ya mutu mwenye anachoka.

Kahongya akasema: munaona, hakatai!

Kisha akanishika bega. Siku ya mungu, Témoin, weye njo utashika fimbo.

 Kwetu hatuchaguake na makaratasi. Tunachagua na miguu. Saa tatu ya asubui ku terrain ya mpira, mwenye anasema oui anaenda kusimama nyuma ya but, goli, ya upande ya kanisa, mwenye non anaenda nyuma ya but ya upande ya muto. Kila mutu anaona mwenzake kwenye anaenda. Mais mbele ya kutembea, mwenye iko na neno anashika fimbo ya ngoma kubwa. Bila fimbo, hausemi. Na fimbo, hakuna mutu wa kukukatisha.

Batu mia tano, labda zaidi. Mie, ku masomo, mwalimu akiniita ku tableau nilikuwa nakimbia. Njo maana niliishia mu quatrième primaire.

Nilijibu Kahongya: ndiyo, président.

Siku ya tano, 6/10

Sijavua hata jacket. Naandika mbaya.

Asubui mama Asma, anauzishaka bitenge, alinichukua nimupeleke Beni, commune ya Mulekera, kwa dada yake. Njia ilikuwa kavu. Tulifika bila shida. Nikamushusha. Kurudi, pneu ya nyuma ikaisha hewa mbele ya musikiti, saa ile ile batu banatoka kusali. Nikamuona. Issaka! Ni yee kabisa. Muzee sasa, anatembea pole pole, anasalimia kila mutu na mikono mbili. Kofia yake ilikuwa ya rangi ya majani ya kibichi. Nikageuza uso, nikajifanya naangalia pneu.

Pale pembeni kuko kijana moja anazibaka ba pneu. Murefu, mikono kama pelle ya kuchimbia. Akaona jezi yangu ya Tujikaze, akacheka.

Ah! Nyinyi njo munatutwalia Papa Issaka!

Nikasema sijue, bado hatuchagua.

Akasema: mie naitwa Abdias. Nilikuwa gardien yake wa goli mu timu ya hapa, mpaka goti ikavunjika.

Sikumuuliza kitu. Mungu anajua sikumuuliza! Mais mikono inafanya kazi na kinywa inaenda. Akaanza mwenyewe kueleza Mutwanga.

Eti ile siku, tangu mi-temps ya match, malaria ilikuwa inamupiga yee Abdias, meno inagongana. Papa Issaka alimupandisha mu cabine, ku kiti yake mwenyewe, akamuvalisha koti yake. Akavula kofia yake nyeupe, akamutia ku kichwa juu ya baridi. Yee akapanda nyuma, na batoto. Fuso ikazama mu matope, bote bakashuka kusukuma. Fuso ikatoka. Saa ile ile, risasi! Chauffeur anataka kungoja. Papa Issaka akapiga mulango na ngumi: enda, peleka mugonjwa, hawa niko nabo! Kisha akapitisha bachezaji kumi na ine mu kakao, kwa miguu, mpaka Mutwanga kwa mapadri. Mu njia alikuwa anabahesabu. Kila saa anabahesabu.

Nilikuwa nimeshika pneu. 

Kofia nyeupe, nilisema. Ilikuwa ku kichwa yako.

Akasema: unaijua? Subiri!

Akaingia mu kibanda, akatoka na sachet. Kofia iko ndani, inafuliwa, inapigwa pasi. Eti anasikiaka haya ya kumurudishia, kila siku anasema kesho. Sasa weye, akasema, uko mutu ya Tujikaze. Nasikia kule kwenu kuko mupumbavu moja anatembea anasema Papa Issaka alikimbia. Siku nitamukamata nitamutia pompe mu kinywa, nimujaze hewa mpaka apasuke! Beba hii. Siku ya mungu, kama mutu anabisha, umuonyeshe. Kisha umurudishie Papa mwenyewe, umuambie ni Abdias.

Akanipa. Mie! Kati ya batu bote ya Butembo!

Nikamushukuru: wasingya. Akacheka, hajue Kinande vizuri, akajibu na Kifaransa. Nikapanda moto. Njia yote kofia iko ndani ya jacket, ku kifua. Haina kilo. Mais niliisikia mpaka nyumbani.

Siku ya posho, 7/10

Nilienda ku parking mbele bote bafike, nimuambie Kahongya yee peke yake. Nilikuwa nimepanga: Président, nilikosea. Maneno mbili tu.

Akafika anatabasamu, jambo hafanyake. Akafungua sachet. T-shirt ya bleu, nyuma inaandikwa na peinture: TÉMOIN. Yee mwenyewe aliandika. N ya mwisho ilitokea kidogo tu, juu peinture ilikuwa inaisha. Akasema, yaya yangu Nzanzu hakupata mutu wa kumusemea. Chauffeur alisema hakumuona, ba client bakasema habakumuona. Weye uliona, na unasema. Wasingya kutsibu, ndugu yangu.

Ndugu yangu. Na macho yake ilikuwa maji.

Nitasema aje nilikosea? Nitasema aje! Nikavaa T-shirt. Batu bakapiga makofi.

Ku saa sita nikaenda kula kwa Mama Virginie. Akaniangalia. Yee anaangaliaka kama mie, pole pole. Akauliza: unagonjwa? Nikasema hapana. Akasema: mie kesho naenda ku but ya kanisa, hata niwe peke yangu. Hii timu inataka mutu mwenye anaonekana. Mais weye mwanangu, sikukatalii, weye uliona.

Nikamwaga madesu chini.

Nilijaribu simu. Mu group ya ba supporters niliandika: sikuona uso, niliona kofia. Nikafuta. Nikaandika: kofia ilikuwa ya Issaka lakini. Nikafuta. Bengine balikuwa banatuma voix, message ya sauti: kesho Témoin atamumaliza! Oyo mutu akozonga Beni na makolo, atarudia Beni na miguu! Mumoja akatuma picha ya Fuso na miguu ya kukimbia, bakacheka na ba emoji makumi.

Sasa niandike ile nyingine. Hapa hakuna mutu anasoma.

Ile siku ya Mutwanga, Fuso ilinipita. Kweli. Bachezaji balikuwa mu njia. Kweli. Sikumuona Issaka chini katikati yao juu sikuangalia. Na sikuangalia juu nilikuwa nakimbia. Moto yangu ilikuwa bila client. Kijana moja wa jezi ya manjano alisimama katikati ya njia, akainua mikono mbili. Mbili! Nikamuzunguka. Nikaongeza gaz. Kiti ya nyuma ilikuwa bule, hakuna mutu, na nikaenda.

Miaka mbili nilikuwa natafuta mutu mwingine mwenye alikimbia.

Pale ku parking baliposema jina ya Issaka, kinywa yangu ikafunguka yenyewe. Nilizani ni kweli. Ninaapa, nilizani! Mais kwa nini nilifurahi namna ile?

Kofia iko juu ya meza. Siangalii upande ile.

Siku ya mungu, 8/10

Saa mbili na robo. Nilienda misa ya kwanza, sikusikia homélie. Mvua ilipiga sana. Nikarudi nyumbani, nikakaa ku kitanda na viatu. Nilikuwa nimeamua: nagonjwa. Nizime simu, bachague bila mie. Fimbo ashike mwingine.

Mais hata bila mie, bataelezana ile yangu. Iko mu kinywa ya kila mutu sasa. Haingoje mie.

Simu ikalia mbele nizime. Mama Virginie. Anasema na sauti ya chini, nyuma nasikia ngoma ya terrain. Eti Papa Issaka iko anasimama ku barrière, kuingia Butembo. Fuso mbili zimelala mu matope, zinafunga njia, gari yake haiwezi kupita. Anatafuta moto. Ba motards bote ya parking beko pale, hakuna hata mumoja anakubali kumubeba. Kahongya alibakataza. Banamuangalia tu. Eti moja akamuambia: Papa, tembea, kwani haujue kutembea mu matope? Na bakacheka. Na saa tatu ikifika hayafika, Kahongya atasema anakimbia tena, na bote batatembea upande ya muto.

 Kisha: Témoin, najua weye hauwezi. Nakupigia tu juu sina tena mutu wa kupigia.

Nikasema: nitaenda.

Akasema: unasema?

Nikasema: Mama, naitwa Lusenge. Nitaenda.

Nikakata simu. 

Moto iko mbele ya mulango. Nimeshavua T-shirt, nimeikunja, nimeiweka mu kitanda, sikuitupa, Kahongya aliiandika na mukono yake. Nimeshika casque ya pili, ya client. Kofia iko mu jacket.

Toka barrière mpaka ku terrain ni dakika kumi, labda kumi na tano na hii matope. Ku moto mutu hakuangaliake mu macho. Yee iko nyuma, mie mbele, naangalia njia. Pale labda nitaweza kumuambia. Kumusalimia kwanza. Kisha Mutwanga, yote, hata kijana wa manjano. Kama anataka kushuka katikati ya njia, ashuke. Mais nazani hatashuka.

Na kisha tutaingia ku terrain, bote babili, mbele ya batu mia tano. Kahongya iko na fimbo mu mukono, ananingoja. Hiyo sijue. 

Mvua imepunguka. Naacha hapa, saa mbili na robo tatu iko karibu, na mutu anasimama ku barrière anainua mukono, na kiti yangu ya nyuma iko bule