Yai au Mikono

Jumatatu, 4 Machi

Galaksi mia tatu na kumi leo! Nimezipanga zote kwa umbo: mayai, zenye mikono inayojikunja, na zile vurugu tupu. Dakika moja tu kila picha. Jicho langu halijawahi kuniangusha. Wifi yangu kauliza kama kweli nalipwa kwa kutazama picha. Nikamjibu ndiyo, na Ijumaa Mkuu wa kitengo anateua kiongozi wa kundi letu — nitakuwa mimi. Akasema basi nianze kwa kupanga soksi za kaka yake. Ana mdomo huyo!

Jumanne, 5 Machi

Mwenzangu wa meza ya pili, namwita Bi Pole, kamaliza tisini tu. Naye anautaka uongozi, maskini. Eti galaksi ikiwa mbali mikono inafifia, unaidhania yai. Nikacheka. Mkono ukiwepo nauona.

Jumatano, 6 Machi

Mia tatu arobaini!

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu kaniita. Kumbe wiki nzima katutegea: baadhi ya picha zilirudi mara ya pili, zimegeuzwa kushoto kulia kama kwenye kioo. Alitaka kujua nani anakubaliana na nafsi yake. Bi Pole kajipinga mara mbili. Mimi mara thelathini na moja. Galaksi ileile — Jumatatu yai, Jumatano mikono. Nilitaka kubisha, lakini majibu ni yangu mwenyewe. Nimeona aibu, acha tu. Nyumbani sikumwambia mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne asubuhi, ofisini kwa Mkuu. Kanipa nafasi moja. Mezani kaweka mojawapo ya zile thelathini na moja, na bahasha: ndani mna galaksi hiyohiyo iliyopigwa na darubini kubwa kuliko yetu. Hiyo haina ubishi. Niandike jibu kwanza, kisha tufungue pamoja. Nikipatia, uongozi bado uko wazi. Nikikosa, ni wa Bi Pole. Kisha kaitwa nje.

Bahasha hata haijagundishwa! Lakini siibi jibu mimi.

Nimetazama dakika ishirini. Juu kulia kuna ukungu mwembamba. Unajikunja — au ndivyo ninavyotaka? Nimeandika: mikono. Kwa wino, na saini.

Namsikia Mkuu koridoni, anacheka na mtu. Bado naweza kulikata jibu.

Silikati.