Picha ya Gari Likiwa Chini

3 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo hapo? Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanichosha. Mguu wa Mama vipi?

Sasa niambie ukweli. Jirani kanipigia: geti halipo, kitanda cha chuma cha marehemu Baba hakipo, na gari lake halina hata tairi. Unauza nini na nini? Mama anangoja kupanda gari hilo nikija likizo, afunge mlango kwa nyonga kama zamani. Usinifanye mjinga.

Dada yako

12 Machi

Dada, shikamoo.

Mama ana nafuu, anakaa uani kunisimamia kuliko fundi mkuu.

Sijauza hata msumari. Gari nalitengeneza, limeoza kwa chini, na tairi nimezitoa tu. Geti nimelikata nikachomelea miguu miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Vyuma vya kitanda ndiyo mhimili. Bodi ya gari inaning'inia hapo katikati, naigeuza kwa mkono mmoja kama mtu anayegeuza godoro. Siungi tena sakafu ya gari nikiwa nimelala chini, kutu ikiniingia machoni.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mko salama, nami sijambo.

Eti kitanda kinageuza gari. Umeanza lini kunidanganya mimi niliyekubeba mgongoni? Nataka picha ya gari likiwa chini, kwa tairi zake nne. La sivyo namtuma baba mdogo alivute likakae kwake.

Dada yako

28 Machi

Dada, shikamoo.

Tuko salama. Nakuomba mwezi mmoja. Sakafu iliyooza nimeshaikata yote, pamoja na vyuma vya chini ya milango. Sasa hivi kinachoishikilia bodi ni ile mashine yangu ya geti na kitanda.

Mdogo wako

4 Aprili

Mwezi mmoja wa kumalizia kuuza? Baba mdogo anakuja Jumamosi.

Dada

15 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Picha nimeipata, nimefurahi. Kumbe liko. Msamehe dada yako, umbali unatia wasiwasi.

Ila mbona milango yote iko wazi? Unaficha nini tena?

Dada yako

23 Aprili

Dada, shikamoo.

Sisi wazima.

Sifichi kitu. Nililishusha Ijumaa ile nikapiga picha, baba mdogo asije kulivuta. Lilipokaa kwenye tairi, bodi ikakunjika katikati. Siwezi kuinyoosha.

Milango iko wazi kwa sababu haifungi. Mama ameujaribu wa kwake mara mbili, kwa nyonga, kisha akaingia zake ndani ya nyumba. Uani hakai tena.

Mdogo wako