Dada Anataka Pikipiki ya Mashindano Iandikwe kwa Jina Langu

Mpendwa Bibi Hartati, naomba msaada wako kwa maandishi kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hukwama, hata shuleni mwalimu akiita majina nilikuwa nanyoosha mkono tu. Nimemaliza masomo mwaka huu, nimetimiza miaka kumi na saba nikapata kitambulisho, na kitambulisho hicho ndicho kilicholeta shida.

Dada yangu Tenri hushindana pikipiki hapa wilayani Sidrap. Ungemwona akiingia kona ya mwisho, goti linakaribia lami na kichwa kimetulia kama mtu anayesoma, usingemsahau. Wavulana waliokuwa wakimwambia arudi akapike sasa humwomba awasikilizie injini, naye hufumba macho, husikiliza kidogo, kisha huwaambia kaza hapa, legeza pale. Pikipiki yake aliijenga mwenyewe kutokana na pikipiki ya kawaida, akang'oa taa, vioo na honi, na kibali chake cha barabarani kimekufa zamani maana haitoki nje ya uwanja, na hata uwanjani hupelekwa kwa pikapu. Kilichobaki ni kitabu cha umiliki chenye jina lake.

Sasa amechumbiwa na Rusdi, kijana mpole, na wanapendana kweli. Siku ya uchumba mama yake Rusdi alimshika dada mkono mbele ya shangazi zetu, akautazama, akasema, "Kucha zote grisi. Usiku wa hina tutampaka wapi huyu?" Watu wakacheka na dada akacheka, lakini baadaye yule mama akasema bila kucheka kwamba usiku huo ukifika pikipiki iwe haipo. Dada akaitikia.

Hakuiuza. Aliniita gereji akasema twende ofisi ya usajili tuihamishie kwangu. Akanitania kwamba kitambulisho changu bado kinanukia plastiki, hakijatumika hata kukopea simu. Kisha akasema, "Nikiulizwa kama nina pikipiki nitasema sina, na karatasi zitanitetea." Wakala anayetushughulikia karatasi anasema ofisi haihamishi jina kama kibali kimekufa, kwa hiyo tutafunga taa, vioo na honi vya kuazima, wataikagua, watanakili namba ya fremu kwa kuiwekea karatasi na kuisugua kwa penseli, kibali kitafufuliwa, halafu tukirudi nyumbani tunavifungua. Kitambulisho anakitaka Ijumaa.

Ningempa hata figo, Bibi, lakini Rusdi huniita mdogo wangu na huniuliza habari za nyumbani, nitamtazamaje? Na nikikataa, dada ataiuza kweli, na mimi ndiye nitakuwa nimemtoa uwanjani. Nifanye nini?

Besse

*

Besse mwanangu,

Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo lala usingizi.

Dada yako nimempenda kabla sijamwona. Lakini hapa amekosea, na wewe umekaribia kumsaidia akosee kwa sababu hujazoea kumwona akikosea.

Jina kwenye kitabu cha umiliki si pambo. Pikipiki hiyo ikifufuliwa kwenye karatasi kuwa ya barabarani, siku kijana mmoja wa gereji akiichukua kwenda kununua sigara, bila taa wala honi, akamgonga mtu, mlango utakaogongwa na polisi ni wa kwako. Hilo dada hakuliwaza, alikuwa akimwaza mama mkwe. Na taa za kuazima ni kuidanganya ofisi, hakuna jina lingine. Huyo wakala mwambieni ahsante, aende zake.

Unasema ukikataa utamtoa uwanjani. Acha hayo. Atakayemtoa ni yeye mwenyewe, kwa kuogopa kumwambia Rusdi maneno machache. Mwanamke aliyewanyamazisha wavulana wa wilaya nzima anashindwa na mama anayekagua kucha? Aende kwa Rusdi kabla ya usiku wa hina, amwambie pikipiki ipo, ni yake, na anataka kuendelea kushindana. Amwambie Rusdi kwanza. Mama ni wa Rusdi, yeye ndiye atajua pa kuanzia. Rusdi akikubali, kitabu kibaki kwa jina la Tenri, na Tenri mwenyewe aende dirisha la ofisi ya usajili aulize waziwazi pikipiki isiyotoka uwanjani iandikishwe vipi. Asipokubali, itauma, lakini bora iume sasa kuliko akiwa tayari mke anayeificha pikipiki kwa mdogo wake.

Wewe kazi yako ni ndogo, ingawa kwako itakuwa nzito. Ijumaa usitoe kitambulisho. Kama sauti itakwama, mkatie ukurasa huu wa gazeti umkabidhi. Atanuna, halafu atafika pale ulipoeleza anavyoingia kona, atapasoma tena, na hatakukasirikia siku nyingi. Ila kaa naye hapohapo gereji mpaka amalize kusoma. Usikimbilie jikoni.

Bibi Hartati