Nakala za Kompyuta ya Dada

Kwa mdogo wangu Kiherehere,

Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka zamu, umevua viatu na umekaa. Kama bado umesimama, kaa kwanza. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mkubwa kikohozi kimemwachia? Mimi na wa nyumbani kwangu hatujambo, tunasukuma siku. Ningesema sote tu wazima, lakini neno hilo limenishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu nimejaribu. Kila ukipokea najikuta nakuuliza habari za mvua ya huko, kama mtu niliyekutana naye kwenye foleni.

Nianze na ofisi, maana mambo yalianzia huko. Bomba la tangi la juu lilipasuka wikendi moja, maji yakapita darini yakamwagikia meza ya Penseli. Penseli ni yule mchoraji wetu mwembamba aliyekuja baada ya wewe kuondoka. Jina alipewa na Dada, na sasa hata mama yake anamwita hivyo. Kompyuta yake ililowa mpaka ikawa inatoa maji ukiinamisha. Ndani yake mlikuwa na ramani za shule ya chekechea zilizobaki kidogo tu kukamilika. Tulizichora upya kutoka kwenye karatasi za mteja, usingizi ukitulemea machoni.

Baada ya hapo nikasema basi, hatuwezi kuendelea kuishi kwa bahati. Nikamwita Waya, fundi wa kompyuta, mtu mnene anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Tukakaa wote chumba cha mbele: mimi, Penseli, msimamizi wetu wa saiti aliyekuja na laptopu yake imejaa vumbi la saruji, na Dada, ambaye siku hizi hufanyia kazi nyumbani kwake. Swali lilikuwa moja: nakala za akiba tuzihifadhi vipi?

Msimamizi alitaka diski moja ya kufungia kabatini. Waya akamwuliza kabati lenyewe liko chini ya dari ipi, tukacheka, hoja ikafa. Penseli akataka kila kitu kipelekwe mtandaoni. Waya akasema ramani zetu ni nzito, na mtandao wa kule anakokaa msimamizi unatambaa kama mtoto wa miezi saba. Mwishowe akapendekeza tuchanganye: kisanduku kidogo hapa ofisini kikusanye kazi za kompyuta za hapa, zile za nje, ya msimamizi na ya Dada, zitume tu kilichobadilika, halafu kisanduku nacho kipeleke nakala nyingine mbali, ambako bomba letu halifiki. Kila mtu aliridhika.

Isipokuwa Dada. Alisema, "Za ofisini fanyeni mtakavyo. Yangu iacheni."

Nilidhani ni ubishi tu. Wewe unamjua. Huyu ndiye aliyetulea mimi na wewe kwa kukagua hata mifuko ya sare zetu, aliyekuwa akitunyima chai kwa kupoteza kifutio, leo anakataa kazi yake itunzwe? Nikamwambia hivyo hivyo, tena mbele ya watu. Akanijibu kwamba yeye anajua vyake vilipo. Akachukua mkoba wake, akafungua mlango wa stoo, akasimama akitazama ndoo na mafagio. Tukacheka. Naye akacheka, akageuka, akapita mlango wa nje. Mdogo wangu, nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Baada ya siku chache alinipigia, akasema haya, njooni muiweke hiyo bakapu yenu, ila msifungue chochote cha kwangu. Nikamwahidi. Waya akaenda akaiweka, Dada akamkaangia mayai, mambo yakaenda vizuri.

Kisha ikaja siku ya kujaribu. Waya alisema hawezi kutukabidhi kitu ambacho hajakiona kikirudisha kazi. Lazima tuchukue faili moja kutoka kila kompyuta, tujifanye imepotea, tuone kama itarudi nzima. Ya Penseli ikarudi. Ya msimamizi ikarudi. Ilipofika ya Dada, nikakumbuka ahadi yangu, nikajidanganya kwamba ramani ya nyumba yako, ile anayokuchorea, si siri. Nilitaka tu kuona jiko lako amelipanga vipi, maana ulikuwa umeshamwuliza mara nyingi, naye anajibu kwamba anamalizia.

Tulikuta folda yenye jina lako, na ndani yake faili zimejazana. Moja inaitwa "nyumba ya mdogo mwisho". Nyingine "mwisho kabisa". Nyingine "mwisho huu ndio". Waya akaangua kicheko, akasema wachoraji wote ni ndugu. Akafungua moja.

Ilikuwa nyumba nzuri kwa mbali. Mistari imenyooka, vipimo vimeandikwa kwa ule mtindo wake. Lakini vyumba havikuwa na milango. Hakuna hata mmoja. Tukafungua nyingine: jiko liko mara mbili, na choo kimefungiwa katikati ya kuta nne. Nyingine ilikuwa ukuta wa mbele tu, umechorwa juu ya ukuta wa mbele, juu ya ukuta wa mbele. Alikuwa akianza upya kila siku bila kujua kwamba jana alianza. Waya aliacha kucheka. Alifunga kompyuta taratibu, akasema amekumbuka ana kazi mahali.

Penseli alikuwa amejifunika uso kwa shela yake. Nilipomwuliza, akaniambia huku analia kwamba kazi zote za Dada zilizotoka mwaka huu, yeye ndiye aliyekuwa akizirekebisha kimyakimya kabla hazijafika mezani kwangu. Akasema, "Nilidhani ni macho, bosi. Nikasema nikikwambia, utamwaibisha."

Nikaenda kwa Dada. Nilimkuta mezani kwake pale dirishani, kanga mabegani, anachora. Hakugeuka.

"Mmefungua," akasema.

"Tumefungua, Dada."

"Ya Kiherehere?"

"Ndiyo."

Akaweka mikono mapajani. Akanieleza kwamba asubuhi akiianza nyumba yako anaiona nzima, kama anatembea ndani yake, anasikia hata watoto wako wakikimbia koridoni. "Nikienda kuchemsha chai nikirudi," akasema, "nakuta nyumba ya mtu mwingine."

Kumbe alishaenda hospitali peke yake. Daktari alishamtajia ugonjwa, na wewe unayeshinda wodini na wazee unalijua jina lake kuliko mimi. Ndiyo maana aliomba kufanyia kazi nyumbani. Ndiyo maana akipokea simu yako hataki ya video, nawe ukawa unalalamika kwamba amekususa. Hakukususa. Alisema, "Yule ataniona mara moja. Na akiniona, ataacha kazi arudi. Nimemsomesha aende, sikumsomesha arudi." Akaniapisha nisikwambie. Leo nimevunja ahadi ya pili.

Sasa nikwambie lililonifanya niivunje. Ramani uliyoipokea mwezi uliopita, ile uliyosema umeibusu, hakuichora Dada. Nimeichora mimi. Nilikaa naye, akawa ananisimulia vyumba vyako akiwa amefumba macho, mimi nashika maneno yake kabla hayajapotea. Yalipopotea, nilijazia. Jina lake niliweka mimi pale chini. Ulipompigia kumshukuru, ukilia kwa furaha, nilikuwa nimeketi kando yake. Alikujibu vizuri, akakuombea dua, akakata simu. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Maskini, nani huyo kajengewa nyumba?"

Nilimwambia ni mteja.

Bado anawasha kompyuta kila asubuhi na kuchora. Waya aliniuliza nakala za zamani tuzitunze kwa muda gani, maana kawaida zile kuukuu hufutwa ili kupisha mpya. Nilimwambia za ofisi afuate kawaida yake. Za kompyuta ya Dada asifute hata moja.

Sikuombi urudi, nimekwambia alivyosema. Lakini sitakuzuia. Nisalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, na Penseli anakusalimu japo hamjaonana. Na ukimpigia Dada, anza wewe kwa kusema ni nani. Sema taratibu, taja na mimi, taja na jina lako la utotoni. Usimwachie abahatishe.

Ni mimi,
Kaka yako