Kabla Hujanunua Turbo

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Chanji tu wazima, ila magoti yanamsumbua bibi yako.

Unauliza ununue turbo mpya badala ya iliyokufa, au uliuze gari la marehemu baba yako. Nilipohamia Ufipa kutoka Mbeya niliendesha lori. Kila nilipomaliza kupanda kutoka bonde la Rukwa, nilizima injini papo hapo niwaamkie wazee. Kusalimia huku inanguruma niliona ni utovu wa adabu. Turbo mbili zikafa.

"Shikamoo zako zinaua gari!" fundi akanicheka. "Iache ingurume kidogo, oili iipoze turbo, wazee watakungoja."

Kwa hiyo fundi wako akwambie kwanza kilichoiua hiyo yako. Kama injini yenyewe imechoka, liuze. Baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha mwanangu humo garini. Sikumkuta.

Babu yako